Lori la jeshi M35A2: mwongozo kamili kuanzia mnadani mpaka kulimodifai

Kama upo Marekani na umeanza kuyaangalia yale malori ya kijani ya tairi kumi yanayouzwa kwa hela ya gari dogo lililochoka, soma hii mpaka mwisho kabla hujatoa hata dola moja. Naongelea M35A2, tani mbili na nusu, wenyewe wanaliita Deuce. Muundo wake ulianzia kampuni ya REO mwaka 1950, baadaye Kaiser-Jeep na AM General nao wakalitengeneza, na jeshi limelitumia Vietnam, Ulaya, kila sehemu. Tupu lina kama tani sita (pauni 13,000 hivi), porini linabeba pauni 5,000 na kwenye lami mara mbili yake, magurudumu yote yanavuta, gia tano za mkono, stelingi haina pawa, kiyoyozi hakuna na kompyuta hakuna hata moja. Hiyo ya mwisho ndo inafanya tulipende, kila kitu unakifungua kwa spana na unakiona kwa macho yako.

Sasa msimamo wangu mapema kabisa ili tuelewane. Watu wengi wakishalipata wanakimbilia tairi kubwa, bampa, taa za LED na rangi mpya, huku breki zinabaki zile zile alizoziacha mwanajeshi wa mwisho. Na breki za hili lori zina njia moja tu ya fluidi kwa magurudumu yote sita ya breki. Hosi moja ikipasuka, mbele hakuna, nyuma hakuna, pedali inashuka mpaka chini na wewe upo na tani sita kwenye mteremko. Kwa hiyo hela ya kwanza ni ya breki, ya pili ni ya tairi, urembo unakuja mwisho na nitauweka mwisho makusudi.

Kabla hujanunua

Malori yanayotoka moja kwa moja jeshini yanauzwa kwa mnada wa mtandaoni pale GovPlanet, lakini M35A2 nyingi siku hizi ziko kwa watu binafsi au zimetoka vikosi vya zimamoto vya vijijini ambavyo serikali iliwapa. Ukinunua la serikali utapewa fomu ya SF-97, hiyo ndo unaipeleka jimboni kwako kutengeneza kadi ya gari. Ukinunua kwa mtu, usichukue lori lisilo na kadi kwa maneno ya "utaipata tu", maana kila jimbo lina sheria zake, kuna majimbo yanasajili kama gari la kihistoria bila shida na kuna mengine yanakusumbua. Piga simu ofisi ya magari ya jimbo lako kwanza, uliza na bima pia.

Ukifika kuliangalia, nenda na tochi na nguo za kazi, ingia chini. Chomoa stiki ya oili: ikiwa nyeupe nyeupe kama chai ya maziwa ujue maji yameingia kwenye oili, na kwa injini hizi gasketi ya hedi ni ugonjwa unaojulikana. Ikiwa oili imezidi kipimo na inanuka dizeli, basi pampu ya mafuta au nozeli inavujisha kuingia chini, na oili iliyochanganyika na dizeli inaua beringi za injini. Angalia kila gurudumu kwa ndani, ukiona oili ya gia imetambaa kwenye ngoma ya breki ujue sili imekufa na breki shuu zimelowa. Soma tarehe ya tairi, zile namba nne za mwisho za DOT (mstari wa herufi na namba ubavuni mwa tairi) ni wiki na mwaka, na zikiwa tatu tu ujue ni tairi la kabla ya 2000. Utashangaa kukuta tairi yenye kashata nzima ambayo ina miaka 30 na pembeni imepasuka pasuka, hiyo hesabu kwamba haipo.

Kwenye dashibodi kuna vibati. Kimoja ni cha kiwandani, na kama una bahati kuna cha pili kinachosema lori lilifumuliwa na kujengwa upya kwenye karakana ya jeshi, kwa mfano Tooele kule Utah au Red River kule Texas. Kibati cha ukarabati kwangu kina thamani kuliko mwaka wa kutengenezwa. Angalia pia kibati cha injini: LD-465 haina turbo, LDT-465 ina turbo, zote ni silinda sita za lita 7.8. Ile turbo inayopiga mluzi mkali ni ya LDT-465-1C, ile ya 1D iko kimya zaidi. Mluzi ni mtamu lakini masaa mawili barabarani utavaa viziba masikio, na uvae kweli.

Usiliendeshe kulipeleka nyumbani siku ya kwanza hata kama muuzaji anaapa. Lipakie kwenye lobedi. Kama lazima livutwe, toa propela shafti kabisa, usitegemee kuliweka fri tu.

Chukua vitabu

Jeshi la Marekani liliandika kila kitu kuhusu hili lori na vitabu vinapatikana bure mtandaoni. Unahitaji TM 9-2320-361-10 ambacho ni cha dereva, -20 cha fundi wa kawaida, -34 cha kufumua vitu vizito, na -24P cha spea chenye michoro na namba zote. Printi -10 na -20, weka kwenye faili garini. Vipimo vya kukaza nati, nafasi ya valvu, ujazo wa oili, vyote vimo, na nitakapokwambia "kipimo cha kitabu" ndo naongelea hivyo. Usikisie, na usichukue kipimo kwa mtu anayekumbuka kumbuka.

Breki, hapa usiwe na haraka

Kwanza elewa inavyofanya kazi. Ukikanyaga pedali unasukuma masta silinda iliyo chini ya sakafu ya kebini, fluidi inaenda kwenye busta ya upepo inayoitwa Air-Pak, hiyo inachukua upepo wa kompresa na kuongeza nguvu, halafu fluidi yenye presha kubwa inaenda kwenye wili silinda zote. Kwa maana hiyo siyo breki za upepo kamili kama za Scania. Upepo ukiisha bado una breki ila pedali inakuwa ngumu kama hujawahi kuona. Fluidi ikiisha huna kitu. Na handibreki ni ngoma moja ndogo kwenye transfa kesi (boksi inayogawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma) inayovutwa na kebo, imetengenezwa kushikilia lori lililosimama, siyo kusimamisha lori linalokimbia.

Kazi inaanza hivi. Weka lori sehemu tambarare ya zege, weka vigingi vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu, nyanyua ekseli moja moja kwa jeki ya tani za kutosha na uweke stendi za chuma zenye uwezo huo, usilale chini ya jeki peke yake hata dakika moja. Fungua gurudumu, na hapa angalia vizuri: nati za upande wa kushoto zina uzi wa kinyume, unafungua kwa kuzungushia kulia. Watu wamekata boliti nyingi sana kwa kutojua hilo. Kwenye magurudumu ya nyuma yaliyo mawili mawili kuna nati ya nje inayoshika tairi la nje na ndani yake kuna nati nyingine inayoshika la ndani, kila moja inakazwa peke yake.

Ukishatoa gurudumu, toa shafti ya ekseli, kisha nati kubwa za beringi. Zina pembe nane na zinataka boksi spana ya inchi 3, inunue, usipige na patasi. Habu na ngoma vinatoka pamoja na ni vizito, tafuta msaidizi. Usipulize vumbi la breki kwa upepo, breki shuu za zamani zinaweza kuwa na asbestosi, lowesha na maji yenye sabuni ufute, na vaa maski nzuri ya kifua.

Humo ndani badilisha bila kujadiliana: wili silinda zote sita, hosi zote za mpira, na sili za ndani na nje. Mabomba ya chuma yakwaruze kidogo, ukiona kutu imechimba badilisha na bomba la nikeli na shaba ambalo halishiki kutu. Breki shuu zikiwa zimelowa oili ya gia usijaribu kuzichoma au kuziosha ziendelee, zinaonekana kavu halafu zikipata moto oili inatoka tena. Beringi zioshe, zikague, zipake grisi mpya kwa mkono mpaka iingie katikati ya kila rola, halafu kaza nati ya ndani huku unazungusha habu, legeza kwa kipimo cha kitabu, weka kufuli yake, kaza ya nje.

Fluidi. Jeshi lilihamia kwenye silikoni DOT 5, ile ya rangi ya zambarau. Hiyo haichanganyiki na DOT 3 au 4, na DOT 5.1 siyo silikoni kabisa japo jina linafanana, kwa hiyo soma chupa mara mbili. Kama hujui kilichomo kwenye mfumo, na umebadilisha silinda na hosi zote, osha mabomba kwa spiriti, yakaushe kwa upepo, anza upya na aina moja. Mimi nakaa na silikoni kwa sababu hainyonyi unyevu hewani, ila hapo hapo maji yakiingia kwa njia nyingine yanakaa chini yenyewe na kutoboa silinda kwa kutu, kwa hiyo bado uitoe na kuweka mpya baada ya miaka michache.

Kutoa hewa anza na nipo (skrubu yenye tundu ya kutolea hewa) ya kwenye Air-Pak, halafu gurudumu la mbali kabisa, unarudi mpaka la karibu. Tumia tenki la presha kama unaweza, maana masta silinda iko mahali pa shida kuijaza na ikikauka katikati ya kazi unaanza upya. Pedali inatakiwa kuwa juu na ngumu. Ikiwa sponji, kuna hewa, usijifariji.

Halafu sasa modifikesheni pekee ninayoomba uifanye kabla ya nyingine zote: kugawa breki ziwe njia mbili, mbele peke yake na nyuma peke yake, kwa masta silinda ya vyumba viwili. Wapo wanaouza seti zake tayari na wapo wanaojenga wenyewe. Kama hujui hesabu za kipenyo cha masta silinda na wili silinda nunua seti au lipa fundi wa malori makubwa, hapa siyo pa kujifunzia. Na kabla hujafika hapo endesha polepole, weka nafasi kubwa mbele yako na shuka mlima kwa gia.

Upepo: matanki yana koki za kutolea maji chini. Fungua kila ukimaliza safari. Maji yakikaa yanakula matanki na Air-Pak, na kwa wenzetu wa Minnesota na Maine yanaganda usiku na asubuhi unakosa nguvu ya breki.

Tairi na rimu, hapa watu wanakufa

Rimu za hili lori ni za ringi, yaani kuna ringi ya chuma inayoshikilia tairi isitoke. Ringi isipokaa vizuri, au ikiwa na kutu au imepinda, inaruka wakati wa kujaza upepo kwa nguvu ya kuua mtu, na imeua mafundi wengi. Huko Marekani OSHA, idara ya serikali ya usalama kazini, wana sheria yake kabisa, 1910.177, inayotaka rimu za aina hii zijazwe ndani ya kizimba cha chuma. Kwa hiyo: toa sindano ya valvu, upepo wote uishe kabla hujagusa ringi, na kama tairi ni la ndani toa upepo wa yote mawili kabla hujafungua nati. Usigonge ringi yenye upepo na nyundo eti ikae. Tumia kichwa cha kujazia kinachojishika chenyewe na hosi ndefu, simama pembeni, nje ya njia ya ringi. Kama huna kizimba peleka kwa wanaofanya tairi za malori ambao bado wanazijua rimu hizi, siyo kila duka watakubali.

Tairi za asili ni 9.00-20 zenye kashata ya kijeshi, zina tyubu na flapu. Porini sawa, kwenye lami yenye mvua zinateleza. Hatua nzuri ya kwanza ni 11.00R20 za radiali, lori linatulia na linakaa barabarani vizuri. Wengine wanaenda 395/85R20, tairi moja moja nyuma badala ya mbili mbili, na rimu pana zaidi. Kimo kinatoka kama inchi 40 kwenda 46 na injini inapungua mzunguko, yaani kama lilikuwa linakimbia maili 56 kwa saa kwa mzunguko wa mwisho wa 2600, sasa linaweza kufika 64 hivi. Lakini fikiria, breki zile zile sasa zinasimamisha tairi kubwa na nzito zaidi kwa spidi kubwa zaidi. Ndo maana breki zimetangulia.

Tairi zote ziwe na kimo kimoja mbele na nyuma. M35A2 nyingi zina transfa kesi yenye sprag, kifaa kinachounga ekseli ya mbele chenyewe pale tairi za nyuma zinapoteleza. Ukiweka kimo tofauti kinadhani umeteleza, kinaunga kwenye lami kavu na unakula gia. Baada ya kufunga magurudumu endesha kama maili 50 halafu kaza tena, ya ndani kwanza kisha ya nje.

Oili, grisi na filta

Hapa nitapita haraka maana ni kazi ya uchafu tu, siyo ya akili. Injini 15W-40 ya dizeli, na ni nyingi, kama lita 20, andaa beseni kubwa. Filta za asili ni za mkebe na kuna adapta za kuweka filta za kuzungusha, zinaokoa muda na uchafu, weka. Gia boksi, transfa kesi na difu tatu: fungua nati ya kujazia kwanza kabla ya kumwaga, ikigoma kufunguka bora ujue ukiwa bado na oili ndani. Gia boksi ina sehemu za shaba kwa hiyo oili ya 80W-90 unayochagua hakikisha imeandikwa haili shaba. Vipumulio vya difu vikiziba presha inasukuma oili kupitia sili, safisha kila kimoja, hii ndo sababu ya sili nyingi kuvuja na watu wanabadilisha sili tu kila mwaka bila kujua.

Nipo za grisi ni nyingi, fuata mchoro wa kitabu na weka alama ya rangi kwenye kila nipo ili usiruke. Mipira ya viwiko vya ekseli ya mbele ikichanika maji na mchanga vinaingia kwenye jointi, kuna ya kufunga kwa zipu ambayo haihitaji kufumua ekseli nzima.

Umeme

Mfumo ni volti 24, betri mbili za volti 12 zimeungwa mfululizo. Pima kila betri peke yake, betri moja mbovu inaua nyenzake. Injini ikinguruma upate 27 mpaka 28.5 kwa betri zote mbili, chini ya hapo angalia altaneta na mikanda, juu ya hapo regyuleta.

Usichukue umeme wa redio au chaja ya simu kwenye betri moja. Itafanya kazi, ndo maana watu wanafanya, lakini betri moja inaisha na nyingine inachemshwa na chaji mpaka zote zinakufa. Nunua kibadilishi cha 24 kwenda 12. Na usibadilishe gari zima liwe volti 12, stata, pampu ya kwenye tenki, geji, vyote ni 24 na vipo vingi na bei siyo mbaya. Matatizo mengi ya taa ni waya wa bodi wenye kutu, safisha mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Ukitaka kuchomelea chochote kwenye lori chomoa betri kwanza.

Na kwa kuchomelea: rangi ya kijani ya jeshi inayoitwa CARC ina kemikali mbaya kwa mapafu, usiipige msasa wala kuichoma bila maski ya kemikali yenye filta sahihi. Karatasi ya vumbi haitoshi.

Mafuta na injini

Injini hii inakunywa dizeli, mafuta ya taa, mafuta ya ndege, na kwa dharura hata petroli. Teknolojia yake ya kuchoma mafuta imetokana na mfumo wa MAN wa Ujerumani. Uwezo upo, lakini mimi ushauri wangu ni dizeli safi. Najua kuna watu wanachuja oili chafu ya injini na kuchanganya, inawaka kweli, ila pampu ya American Bosch ina kichwa chenye pistoni iliyosagwa kwa usahihi mkubwa, uchafu au utomvu kidogo inaganda. Hela uliyookoa kwenye mafuta yote inaishia kwenye pampu moja.

Kuna filta tatu za mafuta, badilisha zote pamoja. Fungua tenki uangalie, lori lililokaa miaka linakuwa na matope na kutu chini, na usipoliosha filta mpya zitaziba ndani ya wiki. Ndani ya tenki kuna pampu ya umeme, washa swichi usikilize mvumo wake.

Pembeni ya pampu kuu kuna kifaa kinachopima mafuta ni mazito au mepesi kiasi gani ili kurekebisha kiasi kinachoingia, wenyewe wanakiita FDC (fuel density compensator). Kikiganda lori linakosa nguvu, kikivuja mafuta yanaingia kwenye oili. Kama unatumia dizeli tu siku zote unaweza kukipita kwa bomba dogo, ni kazi ya kawaida. Lakini ukishafanya hivyo au ukigusa skrubu ya kuongeza mafuta, lazima kwanza ufunge geji ya joto la ekzosi kabla ya turbo. Usivuke nyuzi 650 za selsiasi. Bila hiyo geji hujui kama unayeyusha pistoni, mlima mmoja mrefu na mzigo unatosha. Injini ina nguvu kama farasi 130 na kidogo, iache hapo hapo. Ukitaka lori la kukimbia barabara kuu kila siku tafuta M923A2 ya tani tano yenye Cummins na gia otomatiki.

Asubuhi ya baridi usipulize itha (dawa ya kopo ya kuwashia injini), kuna hita ya moto kwenye manifoldi kwa kazi hiyo. Acha ipate joto dakika chache kabla hujaipa mzigo, na ukifika iache inguruma taratibu dakika tatu hadi tano turbo ipoe, ndo uvute kebo ya kuzimia. Na hiyo kebo hakikisha inafanya kazi kila siku! Dizeli ikishikwa na wazimu ikaanza kujikimbiza yenyewe, kuzima swichi hakusaidii. Weka kipande cha ubao garini cha kuziba mdomo wa hewa, usizibe kwa kiganja, na kama upo ndani ya kebini ingiza gia ya juu, kanyaga breki na uachie klachi izime.

Hedi ni mbili, kila moja inabeba silinda tatu. Kama hujui historia, kukaza hedi upya kwa mpangilio na kipimo cha kitabu halafu kurekebisha valvu ni kazi ya siku moja na inaweza kukuokolea gasketi.

Sasa modifikesheni

Stelingi ndo ya kwanza, kugeuza lori hili likiwa limesimama ni mazoezi ya viungo. Kuna seti za silinda ya upepo inayosaidia, unatumia upepo ulionao, na kuna za haidroliki zenye nguvu zaidi ila zinahitaji pampu na kazi ya vyuma. Ya upepo inatosha wengi. Viti vya asili vinaumiza mgongo, weka kiti cha lori chenye springi ya upepo. Zuia joto na kelele kwa kubandika matandiko ya sakafuni na ukuta wa nyuma, utasikia tofauti.

Kama lina winchi ya mbele inayoendeshwa na gia boksi, ile ya pauni 10,000, pini yake laini ya kukatika ni usalama. Ikikatika weka pini ile ile. Ukiweka boliti ngumu, kitakachokatika ni kamba, na kamba ya chuma ikirudi hairudi na huruma.

Kufupisha lori, yaani kutoa ekseli moja ya nyuma na kukata chesisi liwe la magurudumu manne, ni mtindo maarufu na linapendeza kweli. Lakini umetoa breki mbili kati ya sita, umepoteza uwezo wa kubeba, na umekata lori ambalo halitengenezwi tena. Kama chesisi tayari imepinda au ekseli moja imekufa, fanya. Kama ni zima lenye kibati cha ukarabati, naomba uliache. Ukifanya, usichomelee ovyo kwenye mbavu za juu na chini za chesisi, tumia boliti ngumu za daraja la 8 na matundu yaliyopo, na mtu anayejua chesisi alikague.

Kulipeleka nyumbani?

Naulizwa sana hili. Kenya sahau, gari lililotumika lisizidi miaka minane na usukani uwe kulia, hili ni la kushoto na ni la zamani kuliko wengi wetu. Uganda nako tangu 2018 gari la zaidi ya miaka 15 haliingii. Tanzania kuna ushuru wa ziada kwa magari ya zamani, na gari lenye sura ya jeshi litakuletea maswali mengi barabarani. Juu ya hapo magari yaliyotoka jeshini Marekani yana masharti ya kuuzwa nje ya nchi, fomu uliyosaini wakati wa kununua inasema, isome.

Ratiba ya kila siku

Jeshi linakagua kabla, wakati na baada ya safari na wewe fanya hivyo. Kabla: oili, maji, fluidi ya breki, chungulia chini kama kuna tone jipya, gonga tairi, washa, subiri upepo ujae na king'ora cha upepo mdogo kinyamaze, kanyaga pedali kwa nguvu uishikilie, isishuke. Njiani: geji, na ukisimama shika kila habu kwa mgongo wa mkono, moja ikiwa moto kuliko nyenzake breki inang'ang'ania au beringi inakufa. Baada: toa maji ya matanki, angalia mavujo, andika kwenye daftari maili na ulichokiona.

Likikaa bila kazi liwashe na uliendeshe mara moja kwa mwezi mpaka lipate joto kamili, siyo kulingurumisha tu dakika tano uani, maana hapo unakusanya maji kwenye oili. Jaza tenki la mafuta lisibaki na nafasi ya unyevu, chomoa betri au weka chaja ndogo ya 24, na usiache handibreki imevutwa miezi yote, inaganda kwenye ngoma. Tumia vigingi vya mbao.